Nyumba za Kale za Jinja na Mbale: Ni Nani wa Kuamua Zigeuzwe Vipi?

Mtu akipita Main Street mjini Jinja mapema asubuhi, kabla ya maduka kufunguliwa, na akainua macho juu ya mabango ya biashara, ataona kwamba baadhi ya nyumba za barabara ile zina maandishi ya saruji kwenye paji la ukuta: jina la aliyejenga na mwaka aliojenga. Mjini Mbale nako, katika mitaa ya maduka iliyo karibu na mnara wa saa, wamo wazee wa nyumba wa aina hiyo hiyo. Chini ya maandishi kuna baraza, na barazani kuna fundi cherehani, muuza magazeti na mzee aliyekimbia jua. Na siku hizi, kando ya baraza, mara nyingi kuna lundo la matofali mapya na fundi mwashi anayengoja kibali, au asiyekingoja.

Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali ambalo fundi yule analileta pamoja na matofali yake. Mwenye nyumba ya kale akitaka kuigeuza, ni nani mwenye haki ya kumwambia "ndiyo" au "hapana", na kwa sababu gani? Hatukusudii kumlaumu mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye alalaye chini ya paa linalovuja. Wala hatukusudii kuusifu kila ukuta kwa uzee wake. Twataka kueleza jinsi nyumba hizi zilivyopata kuwapo, zilivyosalimika hadi leo, na kwa nini miaka hii zimo hatarini kuliko zilivyokuwa wakati wa taabu.

I. Miji miwili

Jinja ilikuwa mahali kabla ya kuwa mji. Jina lenyewe, kwa lugha za wenyeji, lina maana ya jiwe, na mawe yaliyokusudiwa ni yale ya maporomoko ambapo maji ya ziwa yalianza safari yake ya Mto Nili. John Hanning Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862 akayapa maporomoko jina la Ripon, kana kwamba hayakuwa na jina. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliyahamishia hapo makao ya utawala wa Busoga. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilianza kazi kutoka Jinja hadi Namasagali, ikibeba pamba. Mwaka 1931 daraja la reli lilivuka mto na kuiunganisha Jinja na Kampala. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, na maporomoko yaliyoupa mji jina yakafunikwa na maji. Umeme wa bwawa hilo ndio uliovuta viwanda, na viwanda vikavuta watu. Hali ya mji katika miaka ile ilichunguzwa na Cyril na Rhona Sofer, ambao kitabu chao, Jinja Transformed, kilitoka mwaka 1955.

Mbale ina asili tofauti. Mwanzilishi wake alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyezitiisha nchi nyingi za mashariki kwa niaba ya Waingereza, kisha akanyang'anywa na Waingereza hao hao sehemu kubwa ya mamlaka aliyoitumaini. Baada ya kuiacha ngome yake ya Budaka, mnamo 1902, alihamia chini ya milima ya Bugisu, akafyeka, akatengeneza barabara na kuanzisha makazi ambayo yalikuja kuwa Mbale. Yafaa tukumbuke kwamba mtu huyu aliiunganisha miji yetu miwili kwa maisha yake: mwaka 1906 alipelekwa Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga, akakaa huko hadi 1913, ndipo akarejea Mbale. Alifariki mwaka 1928. Reli ilipofika Mbale mwishoni mwa miaka ya 1920 ikitokea Tororo, mji ukawa soko la pamba ya tambarare na kahawa ya Mlima Elgon.

Katika miji yote miwili wafanyabiashara wa Kihindi walifika mapema. Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa ametandaza maduka yake kutoka pwani hadi ndani ya Uganda, na nyuma yake walikuja wengi waliotaka kipande cha biashara ile. Ardhi ya mji ilikuwa mali ya Serikali ya kikoloni, ikikodishwa kwa mkataba wa miaka maalumu. Serikali haikuacha watu wakae watakapo. Profesa W. J. Simpson alitumwa kuchunguza afya ya miji ya Afrika ya Mashariki, na taarifa yake ilipendekeza kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika watengwe kila watu mahali pao, kwa kisingizio cha kuzuia maradhi. Ndiyo maana hata leo atembeaye Jinja huweza kuisoma sera hiyo kwa miguu: bustani pana na nyumba za pekee pekee upande wa ziwa, maduka yaliyoshikana bega kwa bega katikati, na nyumba za wafanyakazi mbali, upande wa viwanda.

II. Nyumba ya duka

Nyumba tunayoizungumzia ina mpango ulio wazi. Mbele kuna baraza lililofunikwa, ambalo huungana na baraza la jirani, hata mtu aweza kutembea sehemu kubwa ya mtaa bila kunyeshewa. Nyuma ya baraza kuna duka lenye milango mipana ya mbao. Nyuma ya duka, au juu yake ikiwa nyumba ni ya ghorofa, kuna vyumba vya kuishi. Kisha kuna ua, jiko, kisima au tangi, na mwisho kabisa kichochoro cha nyuma, ambacho katika siku za vyoo vya ndoo kilikuwa njia ya waliobeba uchafu wa mji usiku. Kuta ni za matofali ya kuchoma, paa ni la mabati au la vigae, na paji la mbele limepambwa kwa nakshi za saruji. Nyumba za miaka ya 1930 na baadaye hupenda mistari iliyonyooka na pembe za mviringo, kwa mtindo uliokuwa ukipendwa Bombay na Nairobi wakati ule.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuitazama nyumba hii. Pamoja na biashara na ujenzi wa namna hii, maneno yetu yaliingia katika lugha za Uganda. Katika Luganda, duka ni edduuka, dirisha ni eddirisa, matofali ni amatoffaali, msumari ni omusumaali, na baraza la nyumba ni olubalaza. Mtu anayesema kwamba Kiswahili hakikupata kuota mizizi upande huu hana budi kueleza maneno haya yalifikaje mdomoni mwa mwanakijiji ambaye hakusoma Kiswahili hata siku moja. Yalifika kwa njia ya nyumba. Fundi alipoagiza msumari aliagiza na neno lake.

III. Mwaka 1972 na nyumba zisizo na mwenyewe

Tarehe 4 Agosti 1972, akizungumza na askari huko Tororo, si mbali na Mbale, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia lazima waondoke nchini. Walipewa siku 90. Kwa muda wa majuma machache familia zilizokuwa zimeishi juu ya maduka yao kwa vizazi viwili au vitatu zilifunga milango, zikaacha funguo, vitanda na picha ukutani. Mwaka 1973 mali zao zikawekwa chini ya halmashauri ya kutunza mali za Waasia walioondoka, na nyumba zikagawiwa: nyingine kwa askari, nyingine kwa watumishi wa Serikali, nyingine kwa wafanyabiashara waliobahatika.

Athari ya jambo hili kwa nyumba zenyewe ilikuwa ya ajabu kidogo. Aliyepewa nyumba hakuwa mwenye nyumba. Hakuwa na hati, hakujua atakaa muda gani, na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kutumia fedha zake kujenga. Uchumi nao ulikuwa umevunjika, saruji na mabati vikapatikana kwa taabu. Kwa miaka karibu 20 watu wengi waliishi katika nyumba hizi bila kuzivunja na bila kuzitengeneza. Rangi ilibanduka, mifereji ya mvua ikaoza, ukumbi mmoja ukagawanywa kwa mbao kuwa vyumba vya familia tatu. Lakini ukuta wa mbele, pamoja na jina na mwaka wake, ukabaki ulipokuwa. Twaweza kusema kwamba umaskini ulifanya kazi ya uhifadhi, ijapokuwa haukukusudia, na ijapokuwa walioishi humo waliilipia kazi hiyo kwa afya zao.

Sheria ya mwaka 1982 juu ya mali zilizotwaliwa ilifungua njia ya kuzirudisha kwa wenyewe, na katika miaka ya 1990 wengi walirudishiwa hati zao. Baadhi walirejea, wengine waliuza. Kesi za mali hizi hazikwisha upesi: hata mwaka 2019 kamati ya Bunge ilikuwa bado ikiichunguza halmashauri ile. Hata hivyo, nyumba nyingi zilipata mwenyewe tena. Na mwenye nyumba aliye na hati mkononi huweza kukopa, na aliyekopa hutaka kujenga. Tangu tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale ni majiji, barabara zake kadhaa zimejengwa upya, na bei ya kiwanja imepanda. Kile ambacho taabu ilikiacha, neema sasa yaweza kukiondoa.

IV. Sheria yasemaje?

Uganda haikukosa sheria ya kulinda mambo ya kale. Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria ilitungwa mwaka 1967, na mwaka 2023 ikafuatwa na Sheria ya Majumba ya Makumbusho na Kumbukumbu. Katiba ya mwaka 1995 nayo, katika malengo yake ya taifa, inazitaka Serikali na raia kuhifadhi urithi wa nchi. Lakini sheria ya 1967 iliitazama kumbukumbu kuwa kitu kimoja kimoja: kaburi hili, mwamba ule, ngome fulani. Kitu kikitangazwa kwa jina hulindwa, kisipotangazwa hakilindwi.

Ni jambo la kuzingatia kwamba mwaka huo huo wa 1967 Uingereza ilitunga sheria iliyoruhusu kulinda eneo zima, yaani mtaa pamoja na nyumba zake za kawaida, ambazo hakuna hata moja iliyo ya ajabu peke yake. Mji wa Charleston, huko Marekani, ulikuwa umetangulia tangu 1931, ulipounda kamati ya kukagua mabadiliko ya nje ya nyumba katika mtaa wake wa kale. Fikra iliyo nyuma ya mambo haya ni nyepesi kuifahamu. Duka moja la Jinja lililojengwa katika miaka ya 1920 si kitu cha kustaajabisha. Maduka 30 yaliyoshikana, yenye baraza moja linaloendelea, ni kitu kingine kabisa, na ukiling'oa moja katikati umeng'oa jino mdomoni.

Kwa upande wa ujenzi, Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, na Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 humtaka ajengaye apate kibali. Kwa hiyo kamati za kukagua michoro zipo, na mageuzi ya nyumba ya kale hupaswa kupitia mezani pao kama ujenzi mwingine wowote. Tatizo limo katika maswali yanayoulizwa mezani hapo. Je, msingi utabeba ghorofa? Choo kiko wapi? Jengo limeacha nafasi gani kando ya barabara? Haya ni maswali ya lazima, na mafuriko ya Mbale ya mwisho wa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuua watu, yalitukumbusha gharama ya kuyapuuza. Lakini swali "nyumba hii ni ya nini katika historia ya mji?" halina mahali pake katika orodha, na pasipo swali hapatoki jibu.

V. Mafunzo ya pwani

Wenzetu wa pwani walilikabili jambo hili mapema kuliko sisi. Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa, na familia kutoka mashamba na mitaa mingine zikawekwa humo. Msomaji ataona mara moja ufanani na yaliyotokea Uganda miaka minane baadaye: wakaaji wengi, wenyewe hawapo, matengenezo hakuna. Tofauti ni kwamba nyumba za Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo haziwezi kustahimili paa linalovuja kwa muda mrefu. Nyingi zilianguka. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, mwaka 1994 ikapata sheria yake, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hapo mtu akitaka kubadili dirisha, mlango au paa hupaswa kuomba ruhusa, na ombi lake hupimwa kwa kuangalia nyumba yake imewekwa katika daraja gani. Lamu nayo ilifanyiwa mpango wa uhifadhi katika miaka ya 1980 na kuingia katika orodha hiyo mwaka 2001. Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990.

Tusidhani kwamba sheria pekee yatosha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka, ingawa hapakuwa na jengo lililojulikana na kuenziwa zaidi katika mji ule. Tena, wakaaji wa miji hiyo wamekuwa na malalamiko ya haki: kwamba vifaa vinavyotakiwa ni ghali, kwamba mafundi wa chokaa wamepungua, kwamba majibu huchelewa, na kwamba mwenye hoteli husikilizwa kuliko mjane. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tufundishavyo. Lakini mwenye ufa akiwa hana fedha ya chokaa, methali pekee haitamzibia.

VI. Mfano wa ombi moja

Ili tusiseme juu juu, tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye nyumba ya ghorofa moja katika mtaa wa maduka analeta ombi lenye mambo matano. Anataka kubadili mabati yaliyooza. Anataka kujenga choo na bafu uani. Anataka kufunga baraza kwa ukuta wa vioo ili duka lipanuke. Anataka kuondoa milango ya mbao na kutia ya alumini. Na anataka kuongeza ghorofa tatu juu. Kamati imjibu nini?

La kwanza lakubaliwa siku hiyo hiyo, na kamati impongeze, maana paa ndilo uhai wa nyumba. Imwombe tu ahifadhi mwinamo wa paa na asilibomoe paji lenye mwaka. Imwonye pia juu ya jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: ikiwa ukuta ulijengwa kwa chokaa, usipigwe plasta nzito ya saruji, kwa kuwa unyevu utakosa njia ya kutoka na tofali litaoza kwa ndani.

La pili nalo lakubaliwa. Hakuna historia iwezayo kumlazimisha mtu wa leo aishi bila choo. Ua umekuwa ukigeuzwa tangu nyumba ilipojengwa, na mpita njia hauoni.

La tatu likataliwe, na hapa kamati isiwe na haya. Baraza limo katika nyumba ya mtu, lakini kwa desturi ya miaka mingi limekuwa njia ya watu wote. Mmoja akilifunga, mama mwenye mtoto mgongoni hulazimika kushuka barabarani penye pikipiki na mvua, na jirani naye atafunga lake kesho kwa kuwa mwenzake alifunga jana. Baraza ndilo linalozifanya nyumba ziwe mtaa.

La nne lafaa mazungumzo. Milango ya mbao ikiwa mizima itengenezwe. Ikiwa imeliwa na mchwa, itengenezwe mingine kwa vipimo vile vile, na ndani yake mwenye duka aweke kioo akipenda. Hapo hapo azungumziwe juu ya rangi, maana makampuni ya simu na ya vinywaji yamezoea kuipaka nyumba nzima rangi ya tangazo, bure, na mwenye nyumba hudhani amepata faida.

La tano ndilo gumu. Ghorofa tatu mpya ni kodi ya pango, na kodi hiyo ni ada ya shule ya watoto wake. Kamati ikisema "hapana" tu, imemwambia abebe peke yake gharama ya kumbukumbu ya watu wote. Twaona kwamba jibu la haki lina sehemu mbili: aruhusiwe kujenga upande wa nyuma, mbali na uso wa mtaa, kwa kadiri kiwanja kiruhusuvyo, na jiji limpunguzie kodi ya majengo, ambayo serikali za mitaa huitoza kwa sheria ya mwaka 2005, kwa muda wote atakaoutunza uso wa nyumba yake. Jamii itakayo kitu haina budi kukichangia.

Huenda msomaji akatukumbusha methali: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Twakubali. Kamati inayoangalia uso wa nyumba tu, isijue ndani wanaishi watu wangapi na wanapata wapi maji, itakuwa imehifadhi mlango na kuisahau nyumba. Ndiyo sababu tumeanza na paa na choo kabla ya kufika kwenye paji.

VII. Urithi wa nani?

Liko swali zito zaidi, nasi tumelisikia likiulizwa na wanafunzi wetu. Nyumba hizi zilijengwa wakati Mwafrika haruhusiwi kukaa katika mtaa huo ila kama mtumishi. Aliyeingia kwa mlango wa mbele alikuwa mnunuzi, na aliyelala nyuma alikuwa "boi". Mbona basi tuzitunze?

Jibu letu ni kwamba kuhifadhi si kusifu. Kichochoro cha nyuma, mlango mdogo wa mtumishi na chumba chake chenye kidirisha kimoja ni ushahidi, na ushahidi ukibomolewa wanaofaidika ni wale wapendao kusema kwamba mambo hayo hayakutokea. Vivyo hivyo jina la saruji juu ya paji ni ushahidi dhidi ya yeyote atakayesema kwamba watu waliofukuzwa mwaka 1972 walikuwa wapita njia. Mtu haandiki jina lake kwa saruji mahali anapokusudia kupita.

Lakini jibu hilo halikamiliki ikiwa orodha ya urithi itaishia Main Street. Katika miaka ya 1950 palijengwa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa Kiafrika waliokuja kwenye viwanda vya Jinja kutoka pande nyingi za Uganda na nchi jirani. Ni nyumba ndogo, sawasawa, zisizo na nakshi. Humo walikutana watu wasiojua lugha ya mwenzao, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya madaraja yao. Mtu akituuliza ni wapi Jinja ilikuwa mji wa watu wote, tutamwonyesha Walukuba kabla ya duka lolote lenye mwaka juu yake. Na Mbale, ambako mwanzilishi alikuwa Mwafrika, haina udhuru wa kusema kwamba historia ya mji ni ya wageni.

VIII. Kazi yetu

Mwalimu wa Kiswahili hana mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi. Hata hivyo analo darasa. Katika miaka ya 2010 shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda lilianza kuorodhesha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja, na kuyatolea ramani na kitabu. Ni kazi njema. Orodha ya namna hiyo huanza kwa daftari na kalamu ya risasi. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kupewa mtaa mmoja, waandike kwa Kiswahili sanifu: nyumba ina mwaka gani, baraza lake liko wazi au limefungwa, milango ni ya nini, ua unatumiwaje. Wanaweza kumhoji mzee mmoja barazani na kuandika insha ya mahojiano. Watajifunza msamiati wa nyumba, ambao vitabu vyetu huufundisha kwa picha za nyumba zisizopatikana popote: paji, mwimo, kizingiti, kiunzi, mwinamo, kichochoro. Na bila kujua watakuwa wameandika taarifa ya kwanza ambayo kamati ya jiji itaihitaji siku fundi yule atakapoleta mchoro wake.

Tunasema "siku hiyo" kwa matumaini, maana kwa nyumba kadhaa siku hiyo ilikwisha pita, na mahali pake pamesimama vioo. Zilizobaki zahesabika. Mwalimu aliye Jinja au Mbale aweza kuzihesabu kwa Jumamosi moja, akianza kabla ya maduka kufunguliwa, wakati miaka ile juu ya paji la ukuta inasomeka vizuri zaidi.